Namba Nne Nyuma ya Maksai

Kahawa ya Bi Maua haijawahi kumgombanisha mtu na mtu pale Kanyenye. Ugomvi tulikuwa tunatoka nao majumbani, kahawa inaupasha moto tu. Siku hiyo aliyekuja nao alikuwa Saidi Azimio, kwapani kabana gazeti lililofika kwa treni. Lilikuwa limeshasomwa na nusu ya stesheni na lina alama ya duara ya sufuria.

Saidi tulimwita Azimio kwa sababu hakuna jambo asiloliamua kwa Azimio la Arusha, hata chumvi ikizidi kwenye mihogo. Mimi wananiita Pindo. Cherehani yangu iko kwenye baraza hiyo hiyo, kwa hiyo wao wanakuja na kuondoka, mimi nabaki nayasikia yote nipende nisipende, na siku nyingi sipendi.

"Mambo yameharibika Ulaya," Saidi akasema kabla hajakaa. "Valdora imekwisha."

Kikombe cha Mfaume kikasimama njiani, nusu ya safari kuelekea mdomoni. Valdora ni yale magari ya wakubwa, milango minne, viti vya ngozi, mbio kama yameiba kitu. Tabora nzima lilikuwapo moja tu, la Bwana Nabhan mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, na dereva wake alikuwa huyu Mfaume. Alikuwa na kofia ya udereva, glavu nyeupe, na jina la Namba Nne, kwa sababu hata akitembea kwa miguu mkono wake wa kushoto unabadili gia.

"Imekwisha vipi?" Mfaume akauliza.

"Soma mwenyewe."

"Sikuja na miwani."

"Wewe huna miwani."

"Ndiyo maana sikuja nayo. Soma, bwana."

Saidi akakohoa kama anahutubia mkutano wa tawi. "Mtaalamu mmoja wa magari huko Ulaya anasema Valdora za siku hizi zimepoteza utamu wa kuendesha. Usukani umelegea, ni kama mtu anakoroga uji. Dereva haisikii tena barabara."

"Haisikii barabara?" Mfaume akaweka kikombe chini. "Huyo mtaalamu aje nimpitishe njia ya stesheni. Mimi barabara naisikia mpaka kwenye magego."

"Unaisikia kwa sababu unakwenda mwendo wa ng'ombe," Bi Maua akasema, huku anapanga vikombe.

Hakuna aliyecheka, maana hapo alikuwa hatii chumvi. Tangu mafuta yaadimike, Valdora ilikuwa inavutwa na maksai. Magoti ya Bwana Nabhan hayataki kutembea, na mwenyewe hataki kuonekana amepakiwa nyuma ya baiskeli. Basi alituma mtu Ziba, wakaletwa maksai wawili na Msukuma mmoja mpole anayeitwa Ngollo. Nira ikafungwa shingoni, kamba zikafungwa kwenye bampa. Ngollo anatangulia na fimbo, maksai wanafuata, halafu gari. Ndani ya gari Mfaume ameshika usukani na glavu zake, na kiti cha nyuma Bwana Nabhan anavuta tasbihi. Mara ya kwanza askari alipowasimamisha alishindwa kujua aombe leseni au kibali cha mifugo, akaishia kuwapigia saluti.

Na siku hiyo gari lenyewe lilikuwa pale pale, limeegeshwa mbele ya duka. Maksai walikuwa wanacheua, na Ngollo amechuchumaa kwenye kivuli chao na kikombe chake cha kahawa.

"Azimio, hilo gazeti ungelileta kesho," Mfaume akasema. Sauti yake haikuwa ya kila siku. "Leo ndiyo siku yangu."

"Siku yako ya nini?"

"Bwana Nabhan kaniambia tangu alfajiri. Kasema gari moja haliwezi kuwa na madereva wawili. Ama mimi ama Ngollo. Akitoka kuswali alasiri anakuja hapa barazani kuamua."

"Kwa nini hapa? Hana nyumba?"

"Nyumbani dada yake Bi Khole ameshaamua. Sasa yeye hataki uamuzi wa Bi Khole, anataka wake." Mfaume akavua kofia, akaipangusa kwa kiwiko, akaivaa tena. "Naombeni mniunge mkono. Akija, mseme dereva ni mimi. Mimi kazi nyingine sijui, na sitaki kuijua. Mke wangu Mwamvita aliolewa na dereva. Nikirudi nyumbani leo si dereva, nitabisha hodi nijitambulishe nani?"

Mfaume ni mtu wa mbwembwe, lakini tulimpenda, na maneno yale yaliniingia. Nikautoa mguu kwenye pedali ya cherehani nisikilize vizuri.

"Tuanze na hoja," Saidi akasema. "Dereva ni nani? Kisiasa, ndugu zangu, kuna wanaovuta na wanaovutwa. Wanaovutwa wote ni kupe."

Ngollo akainua uso kule kivulini. "Kupe wa ng'ombe mimi nawajua. Kupe havai glavu."

"Asante, ndugu yangu," Mfaume akasema.

"Sikusema kwa kukusifu. Nimesema ninavyowajua."

"Tena wewe Azimio," Mfaume akapata nguvu, "umeshaniona nikiendesha? Nikitoka nyumbani kwa Bwana Nabhan naweka namba moja. Tukifika kwenye kona, namba mbili. Njia ya stesheni imenyooka, natia namba tatu, na maksai wakinusa maji, namba nne."

"Injini imezimwa."

"Injini imezimwa, ujuzi haujazimwa. Klachi naikanyaga tangu nyumbani mpaka dukani, sijaiachia. Huu mguu wa kushoto uone." Akapandisha suruali. Kweli, shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa kuliko la kulia. "Huu ni mguu wa mtu asiyefanya kazi?"

Tukaukagua mguu. Bi Maua akaubonyeza kwa kidole, akasema ni mguu wa kazi ingawa kazi yenyewe haijulikani.

"Tumuulize mwenzake," nikasema mimi. "Ngollo, wewe uko mbele. Anavyobadili gia unasikia?"

"Nasikia. Kru, kru."

"Na maksai?"

"Wanasikia. Yule wa kulia akisikia anasimama. Anadhani kitu kimevunjika."

"Basi ile ndiyo breki ya mkono," Mfaume akasema, wala hakutetereka.

"Je, unamhitaji?" Bi Maua akamwuliza Ngollo. "Sema kweli tu, hapa hakuna atakayekula nyama yako."

Ngollo akafikiri. Huyu bwana akifikiri unaweza kushona kola nzima. "Breki namhitaji, mama. Siku ya kwanza hakukanyaga, gari likawasukuma. Ng'ombe hajazoea kusukumwa na mzigo wake mwenyewe. Walikwenda mpaka sokoni wanakimbia, mimi niko mbele yao nakimbia, watu wakadhani tumeiba gari."

"Umesikia?" Mfaume akageuka kwetu sote. "Bila mimi hakuna usalama."

"Nimesikia neno moja," Bi Maua akasema. "Mzigo."

Akaja akaketi kabisa, jambo ambalo Bi Maua halifanyi ila kwa msiba. "Babu yangu mimi alikuwa kirangozi. Misafara ameiongoza kutoka hapa Tabora mpaka pwani na kurudi, na taratibu zake nimezisikia tangu nanyonya. Kirangozi anatangulia. Kilemba chekundu, manyoya kichwani, hapitwi na mtu, hata mwenye mali hampiti. Nyuma yake wapagazi. Juu ya wapagazi, mzigo. Haya, tuupange msafara wa Nabhan. Anayetangulia nani?"

"Ngollo," tukasema.

"Wapagazi?"

"Maksai."

"Na Mfaume?"

Kila mtu akakumbuka kahawa yake.

"Mimi mzigo?" Mfaume akasema polepole.

"Sikukupanga mimi, baba. Ni msafara."

"Bwana Nabhan ndiye mzigo. Yule hafanyi chochote."

"Mizigo si hukaa miwili miwili?"

"Na mnyampara je? Mnyampara anakaa nyuma, anasimamia watu. Mimi mnyampara."

"Mnyampara anatembea kwa miguu yake na ana bakora. Wewe umekaa juu ya ngozi na una honi."

"Bi Maua," nikasema, "katika misafara yote ya babu yako, umepata kusikia mzigo uliopiga honi?"

Akasita. "Huo sijausikia."

"Asante, Pindo," Mfaume akasema.

"Sijakuunga mkono. Nimeshangaa tu."

Saidi alitaka kurudi kwenye gazeti. Akasema kwamba hata hivyo suala la utamu wa kuendesha ni suala la mabepari, mwananchi haendeshi kwa utamu, anaendesha kwa wajibu, na kwamba katika nchi inayojenga ujamaa gari lenye utamu ni hatari kwa taifa. Mfaume akamwambia kwamba mtu ambaye chombo chake pekee ni baiskeli isiyo na mnyororo asizungumzie utamu. Wakawa wameshasimama, kifua kwa kifua, pale Bwana Nabhan alipotokea upande wa msikitini na fimbo yake, hatua moja na dua moja.

"Asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam." Mfaume akaongeza, "Shikamoo, Bwana," akamvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu."

"Ndugu Nabhan, karibu," Saidi akasema.

Bwana Nabhan akamtazama. "Wewe Azimio umeniita ndugu tangu mwaka sitini na saba, na nilipougua hukuja hata kuniuliza habari ya mguu." Akaketi kwa uangalifu. "Sasa nisikilizeni. Wazee wa Goweko wamenijia. Mashine yao ya kusaga imekufa injini, kina mama wanabeba mahindi mpaka kijiji cha pili. Kijiji kina mgao wa petroli, hakina injini. Mimi nina injini, sina petroli. Wananiomba injini ya Valdora."

"Toa, ndugu," Saidi akasema papo hapo. "Ni jambo la kizalendo."

"Kutoa kitu cha mwenzio kwako hakujawahi kuwa kizito. Nyamaza kwanza." Akaonyesha dumu dogo lililokuwa mlangoni pa duka. "Wameniachia petroli kidogo, nijaribu kama injini ni hai. Nimeamua hivi. Mfaume atalizungusha gari mjini peke yake, kwa injini, kama zamani. Akirudi, atuambie. Kama bado lina ule utamu, injini haiendi popote, Mfaume anabaki na usukani wake, mimi nitatafuta mafuta hata kwa kulia, na Ngollo arudi Ziba na ng'ombe wake kwa heshima zote. Kama utamu umekwisha, injini iende Goweko, gari livutwe daima, na dereva ni Ngollo."

"Na nani ataamua kama lina utamu?" Bi Maua akauliza.

"Yeye mwenyewe. Mimi nakaa nyuma. Kule nyuma utamu ni ule ule, gari likivutwa na injini au likivutwa na kuku. Namwamini Mfaume, hawezi kunidanganya saa hizi nimetoka kuswali."

Sikuamini masikio yangu. Mtu anapewa ahukumu kesi yake mwenyewe, na hukumu yenyewe ni neno moja. Saidi, pamoja na ujamaa wake wote, alimsogelea Mfaume akamnong'oneza, "Sema bado lina utamu. Usiongeze kitu." Hata Ngollo alivyokuwa anawafungua maksai nira, alimgonga bega kidogo kama anayemtakia safari njema, na yeye ndiye angerudishwa Ziba.

Mfaume akamimina petroli. Akakaa. Akarekebisha kofia kwenye kioo. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi na vifaranga wawili waliokuwa wamehamia huko chini, ikakubali. Na ikanguruma, wallahi ikanguruma, mpaka vikombe vya Bi Maua vikagongana kwenye sinia. Mfaume akatuonyesha meno yote. Gari likaruka, likakata kona, vumbi likabaki limesimama peke yake katikati ya barabara.

"Mmeona?" nikasema. "Huyo amekwisha kushinda."

Tulikuwa hatujamaliza kujipangusa vumbi, gari likatokea upande wa pili. Likasimama. Mfaume akazima injini, lakini hakushuka. Alikaa na mikono miwili kwenye usukani, anatazama mbele kama anangoja treni ipite.

"Vipi usukani?" Bwana Nabhan akauliza.

"Haujalegea, Bwana. Huyo mtaalamu muongo."

"Injini?"

"Nzima. Namba nne imeingia kama kisu kwenye papai."

"Alhamdulillahi. Basi utamu upo."

Mfaume akashuka, akafunga mlango taratibu. Saidi alikuwa anamkonyeza kwa macho yote mawili.

"Haupo, Bwana."

"Mfaume," nikasema, "kunywa kahawa kwanza."

"Acha niseme, Pindo. Nimempita Mwalimu Silasi nikampa shikamoo. Marahaba yake imempata mtu wa baiskeli aliyekuwa nyuma yangu, na yule mtu kaipokea. Nimepita kisimani, Bi Amne alikuwa pale. Kila siku Bi Amne anatembea na dirisha langu kutoka kisimani mpaka kona, ananiambia mtoto wake amelalaje, maana ana homa haimwachi. Leo nimeona mdomo unafunguka, na kona imekwisha. Sijui mtoto amelalaje. Tangu tuanze na maksai nimeiomba hii petroli mpaka kwenye sala. Nimeipata, nimeumaliza mji mzima, na sijaongea na mtu. Hayo si matembezi. Ni kufukuzwa."

"Unajua ulichokisema?" Bwana Nabhan akamwuliza kwa upole.

"Najua, Bwana. Nimejifukuza kazi." Akavua zile glavu, kidole kimoja kimoja. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakujificha. Nilimkasirikia, niseme ukweli. Nilimkasirikia na nikamwonea huruma vyote pamoja, nikajifanya natafuta sindano.

Bi Maua akamwekea kahawa bila kuulizwa.

Bwana Nabhan akagonga fimbo chini mara kadhaa. "Hao wazee wa Goweko," akasema, "waliniambia injini peke yake haitawafaa. Wanataka na mtu anayeijua. Lakini nikasema, wewe ni mtu wa barabara, sikutaka hata kukutajia."

Mfaume akainua uso. "Hiyo mashine ikishawashwa inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Imejengewa kibanda."

"Na watu?"

"Wanapanga foleni na ndoo zao. Tangu asubuhi mpaka jioni."

"Wakiwa kwenye foleni wanafanya nini?"

"Wafanye nini? Wanasimulia. Nani mgonjwa, nani kaoa, tumbaku ya nani imeoza."

"Na anayeendesha mashine anakaa karibu nao?"

"Karibu kama wewe na Pindo."

Mfaume akainywa ile kahawa yote kwa mkupuo. "Bwana, basi hilo ndilo gari," akasema. "Nitakwenda. Na kofia nitakwenda nayo."

Saidi akapiga makofi, akaanza kueleza jinsi Goweko itakavyokuwa mfano kwa wilaya nzima. Ngollo hakupiga makofi. Alikuwa anawarudishia maksai nira, na alipomaliza akabaki amesimama.

"Bwana Nabhan," akasema, "na breki?"

"Breki gani?"

"Mimi niko mbele na fimbo. Huyu anakwenda Goweko. Nani atakanyaga? Mimi kukimbizwa mpaka sokoni sirudii."

Bwana Nabhan akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikashika cherehani. Bi Maua akashika birika. Saidi akasema, "Siasa ya sasa ni kujitegemea, Ndugu Nabhan," akarudi nyuma hatua moja.

Basi tukamwinua Bwana Nabhan, tukampakia mbele. Mfaume akamwelekeza kwa heshima: huu mguu hapa, huu hapa, Ngollo akiinua fimbo kanyaga, na usiguse gia, yule wa kulia ana wasiwasi. Bwana Nabhan akaushika usukani kama anayepokea mtoto wa mtu. Ngollo akapiga mluzi na msafara ukaondoka kuelekea kisimani.

Hawakufika mbali, gari likasimama. Tukamwona Bi Amne na ndoo yake ameinamia dirisha, anaongea. Akaja Mwalimu Silasi kwa upande wa pili, naye akainama. Ngollo aliinua fimbo, akaishusha, mwishowe akaketi chini. Muda mrefu ukapita. Kisha kichwa cha Bwana Nabhan kikachomoza dirishani, kikageuka huku kwetu.

"Mfaume," akaita kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo, "mtoto amelala vizuri, homa imeshuka. Na wewe mwizi mkubwa. Siku zote hizi umenikalisha nyuma, huku mbele unakula utamu peke yako."

Mfaume akacheka mpaka akakaa chini. Saidi akakunja gazeti lake, akamkabidhi Bi Maua afungie kashata, akatutangazia kwamba ubepari umehamia kiti cha mbele. Akaondoka kuelekea kule kwenye gari, na sisi wengine tukafuata, hata mimi nikaiacha cherehani.